Fundi wa Steshenari Atakufuata Mpaka Kituo cha Kazi?

Nimeadimika kidogo hapa uwanjani, mnisamehe, ni mambo ya koswek pamoja na bumu ambalo kama kawaida yake limechelewa (na tumbo halijui kuchelewa). Leo nimekuja na jambo moja tu, ila limenikaa kooni muda mrefu. Linahusu QGIS, plagini zake, na sisi tunaojiita walimu watarajiwa wa Jiografia. Nitasema kwa ukali kidogo. Atakayeumia aumie, halafu kesho tuendelee kunywa chai pamoja.

Kwa wale wa Historia na Kiswahili mnaopita tu hapa: QGIS ni programu ya kompyuta ya kutengeneza na kuchambua ramani. Aliianzisha jamaa mmoja anaitwa Gary Sherman kule Alaska mwaka 2002, na leo inaendelezwa na watu wa kila pembe ya dunia. Ni programu ya chanzo huria, yaani msimbo wake uko wazi, unaruhusiwa kuitumia, kuinakili, kumpa mwenzako, hata kuibadilisha, bila kumwomba mtu. Plagini (wenye Kiswahili chao wanaita programu-jalizi) ni vipande vidogo unavyoongeza juu ya QGIS ili ifanye kazi ambayo haikuja nayo. Mwaka 2007 ukafunguliwa mlango wa kuandika plagini kwa lugha ya Python, na tangu hapo zimezaliwa nyingi, sasa hivi zinapita elfu moja.

Sasa jambo lenyewe. Kila ukifika msimu wa tafiti za mwaka wa tatu, foleni inajipanga kwenye steshenari za nje ya geti. Mtu ana laptopu mkononi, anamwambia fundi "niwekee ya ramani". Fundi anauliza: "Nikuwekee ArcGIS ya kraki au QGIS iliyojaa?" Hiyo "iliyojaa" maana yake QGIS yenye plagini kama arobaini alizozibeba kwenye flashi, hakuna ajuaye zimetoka wapi. Unalipa hela ya msosi wa siku tatu, unarudi hosteli unatabasamu. Wiki ya pili programu inagoma kufunguka. Unarudi tena kwa fundi. Unalipa tena.

Hoja yangu ni hii, na nitaisimamia mpaka mwisho: KUWEKEWA SI KUJUA. Na kwa mtu anayesomea ualimu, kutojua kujiwekea plagini mwenyewe si jambo dogo la mafundi, ni pengo kwenye taaluma yake. Kwa sababu siku ukipangiwa kituo cha kazi, fundi wa steshenari habebwi kwenye begi.

Najua majibu yenu, nimeyasikia kwenye korido zote. Twende nayo moja moja.

"CHA BURE HAKINA KITU"

Hili ndilo linanikera kuliko yote. Mtu anasema QGIS ni ya bure kwa hiyo ni dhaifu, ya kweli ni ArcGIS. Halafu hiyo ArcGIS anayojivunia kaipata wapi? Ni kopi iliyovunjwa kufuli! Yaani anadharau cha bure cha halali, anatukuza cha bure cha wizi. Jamani.

Sijasema ArcGIS ni mbaya. Ni programu nzuri, ofisi nyingi zinaitumia, na ukiajiriwa mahali wanapolipia leseni utaitumia kwa raha zako. Lakini hiyo mnayowekewa mtaani mara nyingi ni ArcMap, na kampuni yenyewe iliyoitengeneza, Esri, ilishatangaza kwamba msaada wake unakoma Machi 1, 2026. Mnalipia kuibiwa kitu ambacho mwenyewe amekiweka kabatini.

Na anayesema "kazini wanataka ArcGIS" anajidanganya kuhusu kinachotakiwa kazini. Leya ni leya. Mfumo wa koodineti ni uleule. Mtu anayeelewa kwa nini ramani mbili zinapishana atafanya kazi kwenye programu yoyote baada ya kuizoea kidogo. Mtu aliyekariri kitufe cha kubonyeza, kitufe kikihamishwa upande wa pili wa skrini ameisha.

UNAJUA ULICHOWEKEWA?

Hapa naomba umakini. Plagini ya QGIS si pambo kama rangi ya simu. Ni programu kamili ya Python, na ukiiwasha inafanya kazi kwa ruhusa zako wewe mwenye kompyuta. Inaweza kusoma faili zako, kufuta, kutuma kitu mtandaoni. Hakuna ukuta unaoitenga na mambo yako mengine. Ndiyo maana kuna ghala rasmi, plugins.qgis.org, ambako plagini inapitiwa kabla haijaruhusiwa kuonekana, na waandishi waliojenga sifa wanawekewa alama ya kuaminika.

Sasa linganisha na flashi ya fundi. Nani kaiandika ile plagini? Toleo gani? Nani kaigusa katikati? Na zile kraki zenyewe, hatua ya kwanza kabisa unaambiwa "zima antivairasi". Hivi mtu akija bwenini kwako akakwambia mfukuze mlinzi kwanza ndipo akuletee zawadi, utafungua mlango? Ila kwenye laptopu yenye utafiti wako wa mwaka mzima unafungua, tena unalipa.

NI KAZI YA DAKIKA TANO

Mtu ataniambia ni ngumu. Haya, hii hapa, bure, bila foleni.

Fungua QGIS. Juu kuna menyu imeandikwa "Plugins", ndani yake chagua "Manage and Install Plugins". Linafunguka dirisha lenye orodha. Andika jina la unayoitaka, ibonyeze, soma maelezo yake (soma, sijasema tazama), kisha bonyeza kitufe cha kuisakinisha. Basi. Plagini nyingi ni ndogo tu, bando la siku linatosha na chenji inabaki.

Orodha ikija tupu? Hapo ndipo wengi wanakimbilia kwa fundi. Ukiwa kwenye mtandao wa chuo wenye proksi, QGIS haijui njia ya kutokea. Nenda kwenye mipangilio ya programu, sehemu ya mtandao, ujaze anwani ya proksi na namba ya mlango wake kama ulivyojaza kwenye kivinjari. Kama ni mtandao wa simu yako, hakikisha hiyo sehemu ya proksi haina tiki. Nusu ya matatizo ya "plagini hazionekani" yanaishia hapo.

Hujaiona unayoitafuta wakati mwenzako anayo? Kwenye dirisha hilohilo kuna sehemu ya mipangilio yenye kisanduku cha kuonyesha plagini za majaribio. Hazionekani mpaka uweke tiki, na kwa makusudi. Neno "majaribio" lina maana yake: inaweza kufanya kazi, inaweza kukuangushia programu saa sita usiku kabla ya siku ya kukusanya kazi. Kuna na kisanduku cha zile zilizoachwa na waandishi wake. Hicho mimi nakushauri ukipite kama ulivyopita chakula cha jana.

Huna intaneti kabisa? Kuna sehemu ya kusakinisha kutoka faili la zipu. Mwenzako mmoja mwenye bando anapakua faili kutoka ghala rasmi, mnagawana kwa flashi, kila mmoja anaingiza kwake. Na hii ni HALALI. Leseni ya QGIS ni GPL, na plagini za kwenye ghala zinafuata mkondo huohuo, kunakili na kumpa mwenzako ni haki yako iliyoandikwa. Hata QGIS yenyewe, faili lake la Windows sasa linazidi GB 1, haina sababu kila mtu ateketeze bando lake. Mmoja apakue, ukumbi mzima unakili. Tofauti na flashi ya fundi ni kwamba hapa mnajua nani kapakua, lini, na kutoka wapi.

Angalizo kidogo: faili la zipu ulilolitoa moja kwa moja kwenye msimbo wa mwandishi kule GitHub mara nyingi folda ya ndani inakuwa na jina lenye mkia wa "-main" au "-master". Python haipatani na kistari kwenye jina la aina hiyo, plagini inaweza kugoma. Ifungue, ibadilishe jina la folda libaki la plagini tu, ifunge tena. Au chukua ile ya ghala rasmi, wameshakurahisishia.

Na ikigoma kabisa, QGIS ikawa haifunguki? Usiifute, na usipige windo upya! Kila plagini uliyoweka inakaa kwenye folda ya wasifu wako, siyo ndani ya tumbo la QGIS. Kwenye Windows ipo chini ya AppData, Roaming, QGIS, halafu unashuka mpaka folda ya python na ndani yake plugins. Toa folda ya plagini yenye ugonjwa, weka pembeni, fungua tena. Njia nyingine ni kuiwasha QGIS kwa amri yenye neno --noplugins, itaamka bila plagini yoyote uliyoongeza, halafu unajua nani mchawi. Hiyo ndiyo siri anayoitumia fundi anapokwambia "hii kazi kubwa, acha nikae nayo mpaka kesho".

Ndani ya kila folda ya plagini kuna faili dogo la maandishi, metadata.txt. Lifungue kwa Notepad. Linakwambia jina la mwandishi, toleo la plagini, na toleo la chini la QGIS linalohitajika. Mistari michache tu, inamaliza ubishi wa "kwa nini kwako inafanya kazi kwangu haifanyi".

PLAGINI AROBAINI ZA NINI?

Hii nayo ni ugonjwa wa kampasi. Mtu anapima ujuzi kwa wingi wa vitufe kwenye skrini. Juu kumejaa ikoni kama stika za daladala, ramani yenyewe imebaki na kidirisha cha kuchungulia. Muulize nane tu zinafanya nini, anabaki anakuna kichwa.

Kila plagini iliyowashwa inapakiwa QGIS inapoamka. Laptopu zetu hizi za RAM GB 4 tunazijua wenyewe. Halafu mnasema "QGIS nzito". Si nzito, mmeitwisha.

Na kingine, mnaweka plagini kwa kazi ambazo QGIS inazifanya yenyewe. Mfano wa kwanza, ramani ya chini. Mtu anatafuta plagini ili tu aone OpenStreetMap nyuma ya data zake. QGIS 3 inakuja nayo tayari: pale kwenye paneli ya kuvinjari, fungua XYZ Tiles, iko imekaa inakusubiri. Ukitaka chaguo nyingi zaidi ndipo uweke QuickMapServices, na hiyo nayo ukishaiweka lazima uingie kwenye mipangilio yake uchukue pakiti ya nyongeza, la sivyo utaona huduma chache tu ukadhani ni mbovu. Mfano wa pili, kifaa cha kuifunga ramani iliyoskaniwa kwenye koodineti zake. Zamani kilikuwa plagini ya kuwasha kwa tiki, katika matoleo ya miaka ya karibuni kimeingizwa ndani ya QGIS yenyewe, kipo kwenye menyu ya leya. Watu bado wanakitafuta kwenye orodha ya plagini, wanakikosa, wanasema QGIS imepunguzwa nguvu!

Kanuni yangu ni fupi: weka plagini siku una kazi yake. Kazi ikiisha na huitumii tena, toa tiki. Tiki ikitoka plagini haifutiki, inalala tu.

DESA LIMEZEEKA

Nimesema mafundi, sasa niseme sisi wenyewe. Kuna desa la GIS linazunguka kampasi, limetolewa kopi ya kopi ya kopi mpaka picha zimekuwa madoa meusi. Liliandikwa enzi za QGIS 2. Mwaka 2018 likatoka toleo la 3.0, likahamia Python 3 na msingi mpya wa Qt5, na plagini zote za toleo la 2 zikaacha kufanya kazi mpaka waandishi wake wazihamishe. Wengine walizihamisha, wengine walishachoka wakaziacha zife. Kwa hiyo desa linakwambia weka plagini fulani, wewe unatafuta haipo, unapaniki, unakwenda... kwa fundi. Mduara umekamilika.

Mwingine: provaida ya SAGA, ilikuwa inakuja pamoja na QGIS, ikaondolewa kwenye toleo la 3.30 mwaka 2023. Anayeitaka anaiweka kama plagini ya pembeni. Na ile plagini ya Luca Congedo ya kuainisha picha za setelaiti, SCP, ambayo wanaofanya tafiti za misitu na mashamba wanaipenda. Toleo la 8 lililotoka 2023 linategemea maktaba nyingine ya Python inaitwa Remotior Sensus. Ukiweka plagini bila maktaba, inakuletea ujumbe mwekundu. Ujumbe huo haujatukana mtu. Umetaja jina la kitu kinachokosekana, herufi kwa herufi. Lakini kwa kuwa desa halijautaja, mtu anaufunga bila kuusoma.

Ndiyo maana nasema desa la hatua kumi na mbili bila sababu hata moja ni sumu. Hatua zinazeeka kila toleo jipya linapotoka, sababu hazizeeki. Ukijua plagini ni folda ya Python, inayokaa kwenye wasifu wako, inayodai toleo fulani la QGIS na pengine maktaba fulani, basi hata likija toleo jipya kesho kutwa utajua pa kuanzia kuangalia. Sisi ni wanafunzi wa Elimu jamani! Semina nzima tunakaa kujadili ubaya wa kukaririsha watoto, tukitoka tunakwenda kukariri vitufe.

"MIMI NI MWALIMU TU, SIYO MTU WA KOMPYUTA"

Neno "tu" hapo ndilo linanichoma.

Tuongee kuhusu darasa. Kidato cha tatu na cha nne kuna usomaji wa ramani, na kwenye mtihani wa taifa wa Jiografia kuna swali la kipande cha ramani ya topografia. Wote tuliokwenda mazoezi ya kufundisha tunajua hali ilivyo. Ramani ni moja, imekunjwa mpaka mikunjo imekula majina ya vijiji. Watoto wa nyuma hawaoni kitu. Na kipande chenyewe ni cha mahali hawajawahi kupasikia. Mwalimu anachora kontua ubaoni, viduara ndani ya viduara, anawaambia "huu ni mlima". Mtoto anaona vitunguu.

Sasa chukua laptopu yako hiyohiyo. Data za mwinuko wa dunia za SRTM zilikusanywa na chombo cha anga Endeavour kwa siku 11 mwezi Februari 2000, na zinapatikana bure kwa vipande vya kama mita 30. Pakua eneo la Uluguru, kwa mfano. Kuchora kontua hakuhitaji plagini yoyote, kifaa kipo kwenye menyu ya rasta. Kisha weka plagini MOJA, Qgis2threejs. Inaisimamisha ile ardhi kwa pande tatu, unaizungusha kwa kipanya, kontua zikiwa juu yake. Mtoto anaona Morogoro mjini chini kule, mlima unapanda nyuma yake mpaka vilele vinavyopita mita 2,600, na mahali kontua zilipobanana ndipo pana mteremko mkali. Hatasahau mpaka anazeeka.

Ila hapo ndipo penye kusanidi, na ndipo fundi asipoweza kukusaidia kwa sababu hajui Jiografia. Ukiacha mradi wako kwenye nyuzi za longitudo na latitudo, umbali utakuwa kwa digrii na kimo kwa mita, mlima utatokea kama sindano. Lazima uhamishie mradi kwenye mfumo wa mita. Kwa Morogoro, Dar, Tanga na Mtwara ni UTM kanda ya 37 Kusini, namba yake EPSG:32737. Kwa Mwanza na Tabora ni kanda ya 36, EPSG:32736. Kigoma mjini iko kanda ya 35. Halafu kwenye mipangilio ya plagini kuna namba ya kukuza kimo. Iweke 1, kisha 2, kisha 5, waulize watoto mlima umebadilika au tumebadilisha macho yetu? Hapo umefundisha ukuzaji wa wima, mada ileile inayowatesa, bila hata kugusa chaki.

Au ramani yenyewe ya topografia ya 1:50,000. Skani moja, ifunge kwenye koodineti zake. Lakini kumbuka ramani zile za zamani zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, siyo WGS84 wa simu yako. Ukizichanganya bila kuiambia QGIS, kila kitu kinahama kama mita 300. Shule inaingia mtoni. Chagua EPSG:21037 kwa kanda ya 37 au 21036 kwa kanda ya 36, na shule inatoka mtoni inarudi kwenye uwanja wake. Haya ndiyo mambo yetu wadau! Hii ni Jiografia tuliyokaa miaka mitatu kuisoma. Fundi ataweka plagini, hataweza kukwambia kwa nini shule iko mtoni.

Na kuna ile nyingine, QuickOSM. Unaandika unachotaka, mathalani shule, au barabara, au mito ya eneo fulani, inakuvutia kutoka OpenStreetMap. Ukishavuta hifadhi kama GeoPackage, ni faili moja tu, na kuanzia hapo huhitaji tena intaneti. Unaweza kukaa na bando siku moja mjini, ukarudi kijijini na kata nzima ndani ya laptopu. Watoto wanasoma ramani ya kwao, yenye kisima chao na njia yao ya kwenda shule. Na kama kisima hakimo, wanajifunza kukiongeza.

Mnajua nani kaijaza Dar es Salaam kwenye hiyo OpenStreetMap? Mradi wa Ramani Huria ulipoanza 2015, waliozunguka kwenye mitaa inayofurika maji wakichora mitaro na nyumba walikuwa wanafunzi, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi, pamoja na wakazi wenyewe wa mitaa. Wanafunzi kama sisi, wenye bumu lililochelewa kama letu. Hawakusema "sisi ni wanafunzi tu".

NINACHODAI

Polemiki bila madai ni majungu, kwa hiyo nina madai matatu.

Kwanza kwetu sisi. Kila mwenye QGIS usiku wa leo aende kwenye orodha ya plagini zake, atoe tiki kila asiyoijua kazi yake. Ambayo haijulikani imetoka wapi, aifute, na akiihitaji aichukue upya kutoka ghala rasmi. Mwenye kraki, ushauri wangu anaujua.

Pili kwa viongozi wetu wa chama cha wanajiografia. Badala ya kukusanya michango ya fulana kila mwaka, tutafute Jumamosi moja, projekta moja, tufundishane. Mtu mmoja aje na faili la QGIS na plagini tano zilizopakuliwa kihalali: QuickOSM, QuickMapServices, Qgis2threejs, qgis2web ya kugeuza ramani kuwa ukurasa unaofunguka kwenye kivinjari, na QFieldSync ya kupeleka kazi kwenye simu uwandani. Kila mmoja aweke kwa mkono wake. Kwa mkono WAKE, narudia. Atakayemshikia mwenzake kipanya apigwe faini ya soda.

Tatu kwa walimu wetu, na hapa naomba niseme kwa heshima. Maabara ya kompyuta haihitaji plagini kuwekwa mashine moja baada ya nyingine kila muhula. QGIS inakubali kuelekezwa kwenye folda moja ya pamoja kupitia kigezo kinachoitwa QGIS_PLUGINPATH. Na chuo kinaweza kuwa na ghala lake dogo kwenye seva ya ndani, anwani yake ikaongezwa kwenye dirisha lilelile la plagini, tukapakua bila kugusa bando hata shilingi. Hiyo si ndoto ya Ulaya, ni kazi ya mtu mmoja mwenye nia. Na swali la mtihani lisiwe "taja hatua za kusakinisha". Tupeni plagini iliyogoma, mtuulize kwa nini imegoma.

Wapo watakaosema nimewaonea mafundi. Sina ugomvi nao, wanatafuta riziki, na bila sisi kuwapelekea uvivu wetu wasingekuwa na cha kuuza. Ugomvi wangu ni na mtu anayetoka hapa na digrii ya kufundisha wengine, halafu hawezi kufungua folda akaangalia kilichomo. Huyo atafika shuleni, laptopu itagoma wiki ya kwanza, ataifunga, ataiweka juu ya kabati la ofisi ya walimu, na atachukua chaki achore vitunguu. Watoto watakariri vitunguu. Mmoja wao atakuja chuo, atasimama kwenye foleni ya steshenari.

Naomba kuwasilisha. Mwenye hoja tofauti aje nayo, ila aje na laptopu pia.

Tupo pamoja. Bumu likiingia mnishtue.